Godoro la Kijiji Lilivyoniumbua Mkiwa

Yusufu na Eliasi, leo nimeaibika.

Sisemi ile aibu ya kujikwaa mbele za watu, ukainuka, ukajipangusa vumbi, ukaendelea na safari. Nasema aibu ya Mkiwa nzima! Wachuuzi waliacha vitunguu vyao kando ya barabara wakaja kuniangalia. Mgeni wa serikali alikuwa kijani kuanzia nywele mpaka viatu. Kijani, nawaambia! Na chanzo ni mimi.

Nawaandikia nikiwa stesheni ya Itigi. Treni ya kwenda Mwanza imechelewa. Hakuna anayejua imechelewa kiasi gani, na ukiuliza unatazamwa kama vile wewe si wa nchi hii. Ramadhani, dereva wa lori la kijiji chetu, anasubiri karanga zipimwe halafu ageuze. Atapita hapo Ikungi awaachie barua hii. Nimeharakisha kuandika kwa sababu Ramadhani naye alikuwepo, na mnamjua alivyo. Akiwahi kusimulia yeye, mtasikia kwamba hata nguo zilinivuka. (Hazikunivuka. Suruali ilichanika kidogo tu, tena kwa nyuma.)

Nianze na godoro lenyewe.

Chuo changu cha ualimu kiko Bukoba, ng'ambo ya ziwa, mbali hata mama akiambiwa anauliza kama huko nako ni Tanzania. Walituagiza kila mwanafunzi aende na jembe, ndoo na godoro. Jembe tunalo. Ndoo nimepata. Godoro! Kwetu tunalala juu ya ngozi ya ng'ombe, na usingizi unakuja vizuri tu bila kulalamika. Lakini habari zilizozagaa ni kwamba asiyekuwa na godoro anarudishwa kutoka getini. Na mimi ndiye wa kwanza kijijini kwetu kuitwa chuo. Nikirudishwa mimi, kimerudishwa kijiji kizima.

Sasa, kijiji chetu kina godoro moja tu la sponji. Liko kwenye chumba cha wageni, nyuma ya ofisi. Lilinunuliwa baada ya bwana mmoja kutoka wilayani kulala kwenye ngozi na kuamka na kupe shavuni. Kupe wa kweli! Siku zile kila mkutano tulikuwa tunawalaani kupe wanaonyonya jasho la wananchi, kumbe mmoja wao alikuwa ofisini anafanya kazi yake kimya kimya.

Wiki iliyopita mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Sungi, akaitisha mkutano. Ajenda: Danieli aazimwe godoro. Nilidhani ni jambo la dakika chache. Ndugu zangu, tulikaa tangu jua la asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi! Godoro ni la wote, kwa hiyo kila mtu alikuwa na la kusema. Mmoja akataka nisilalie tumbo, eti linabonyea. Mwingine akasema yeye sehemu yake ni ile ya miguuni, na angeomba isikanyagwe. Mama mmoja akauliza kama nikioa huko Bukoba, huyo mke atalala juu ya godoro la kijiji wakati hajalima hata tuta moja la shamba la pamoja? Mkutano ukaguna. Swali zito! Ikaamuliwa kwamba nisioe.

Mwishoni Mzee Sungi akasimama. Yule mzee akisimama hata mbuzi wananyamaza.

"Danieli, tunakupa godoro hili. Ulilinde kuliko unavyojilinda wewe. Likipotea, usirudi. Likichanika, rudi utueleze. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Wageni wanaokuja tutajua pa kuwaweka. Hakuna anayekuja mwezi huu."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga.

Jana ndiyo siku ya kufunga mizigo. Mama alinifuata nyuma kila nilipogeuka. Alikuwa na mfuko wa unga wa mlenda, majani aliyoyakausha mwenyewe na kuyatwanga, na kibuyu cha asali.

"Mama, siwezi kwenda chuoni na mlenda. Huko wanakula wali!"

"Kila siku?"

"Nadhani."

"Na asali?"

"Mama, mimi nakwenda kuwa mwalimu. Nitashukaje kwenye meli nimebeba kibuyu?"

Akaniangalia, akasema, "Haya, mwanangu. Kama hutaki, basi." Upesi hivyo. Mama yangu, ambaye akitaka nile kiazi cha pili anaweza kunisimamia mpaka jua lizame! Ningekuwa na akili ningeshtuka pale pale. Badala yake nikaenda kupiga pasi shati. Akanifungia godoro yeye na dada zangu. Walilikunja, wakalikalia wote kwa pamoja ili libane, wakalizungushia kamba ya katani mpaka likawa dogo na gumu kama gogo. Nikamshukuru. Nikawaza, mama kweli ana mkono wa kufunga.

Kitu kimoja niliomba kifanywe kwa namna yangu: maandishi yakae kwa ndani. Maana sijawaambia kuhusu maandishi. Kuna kipindi godoro lilionekana nyumbani kwa mtunza stoo, na Mzee Sungi akaamua kulikomesha jambo hilo kwa rangi nyekundu. Aliandika mwenyewe, kwa brashi ya kupakia chokaa.

Leo alfajiri tukaondoka. Karanga za kijiji chini, mimi na sanduku na godoro juu yake, Mzee Sungi mbele na Ramadhani, maana alitaka kusimamia upimaji wa karanga kwa macho yake. Mama alilia. Dada zangu walilia. Mzee wa sehemu ya miguuni alipiga kelele, "Lisilowe!"

Tulipofika Ikungi nyie mlikuwa kazini. Lakini nadhani mnajua nani alikuwa anasubiri usafiri pale. Salome! Salome yule yule wa kwaya, ambaye tukiwa shule tulikuwa tunakosea wimbo makusudi ili aje atufundishe upya. Anakwenda Mwanza kusomea unesi. Akapanda, akakaa juu ya magunia, kitambaa kichwani, mgongo umenyooka kama ameketi ofisini. Tukasalimiana. Upepo wa kiangazi unatupiga, mimi natafuta neno la maana la kusema. Sikulipata. Akalipata yeye.

"Hilo godoro ni lako?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Lilikuwa "hapana". Sijui lilikwama wapi.

"Langu," nikasema. "Baba alininunulia Singida mjini." (Baba yangu hajawahi kununua kitu Singida mjini zaidi ya chumvi na dawa ya mbuzi.)

"Mzee wako anakupenda."

"Ndivyo alivyo."

Akatabasamu kidogo, akatazama pembeni. Nikadhani nimefaulu.

Tukaingia Mkiwa jua limeshapanda. Ramadhani akasimamisha lori kando ya wauza vitunguu ili atazame tairi. Hapo ndipo nilipoona Landrova ya serikali imefunguliwa boneti, dereva wake anamimina maji kwenye rejeta, na pembeni yake amesimama bwana mmoja amevaa suti ya mikono mifupi, rangi ya maziwa, imenyooshwa mpaka unaogopa kuitazama. Ameshika kiuno kwa mikono miwili, anajinyoosha huku na huku.

Mzee Sungi akateremka kuwasalimu. Mwenyekiti wetu hawezi kuipita Landrova. Nikamsikia anauliza wanakoelekea. Bwana yule akataja kijiji chetu!

Kumbe alikuwa mgeni wetu rasmi. Kutoka Makao Makuu, si wilayani. Alitarajiwa mwezi ujao, ila ratiba ilibadilika na taarifa bado iko njiani. (Bila shaka taarifa ndiyo inasafiri na treni yetu.)

"Ndugu Mwenyekiti," mgeni akasema, kwa kile Kiswahili laini cha watu wa pwani, "nimetumwa nije niishi maisha ya mwananchi wa kawaida. Kwa siku mbili. Nile anachokula, nilale anapolala."

Hapo Mzee Sungi angesema "karibu" akanyamaza, leo mimi ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini alikuwa mbele ya Makao Makuu! Kifua kikamjaa.

"Karibu sana, Ndugu! Ila kijiji chetu kimepiga hatua. Tuna chumba cha wageni. Tena tuna godoro la sponji!"

Uso wa mgeni ukachanua kama wa mtoto aliyeona ndizi.

"La sponji? Kweli? Sikilizeni, maisha ya kawaida ni muhimu, nayaheshimu sana. Lakini mgongo wangu na hii barabara yenu, Ndugu..." Akakikanda kiuno. "Godoro la sponji. Nimefurahi kupita kiasi."

Nilimwona Mzee Sungi anakumbuka. Ilianzia shingoni. Shingo ikageuka taratibu, macho yakapanda kwenye tairi, yakapanda kwenye magunia, yakafika kwangu. Mimi nikalitazama godoro. Naye akalitazama godoro. Salome akatutazama wote wawili.

Mzee akaja ubavuni mwa lori akaongea bila kuachanisha meno.

"Danieli. Lishushe."

"Mzee, chuo kitanirudisha!"

"Utapewa lingine."

"Lini?"

"Mipango inaendelea."

Nikatulia nikawaza. Nikimkatalia, mwenyekiti ameonekana mwongo mbele ya Makao Makuu, na kijiji kimekosa kila kilichokuwa kinaombwa: kisima, dawa, mwalimu wa pili. Nikikubali, nakwenda Bukoba kulala sakafuni, kama getini watanipitisha. Nilihisi machozi. Sitanii. Niliiona njia yote ya masomo yangu, tangu darasa la kwanza chini ya ukuta uliobomoka, inaishia juu ya magunia ya karanga.

Lakini yeye ni mzee wangu. Nikashika kamba, nikaanza kulivuta.

"Mbona unashusha godoro lako?" Salome akauliza.

Mara ya pili leo Mungu alinipa nafasi ya kusema kweli. Mara ya pili nikaipita kama basi lisilosimama.

"Nimeamua kumpa yule mgeni," nikasema. "Mgongo unamuuma. Sisi vijana tusipojitolea kwa ajili ya taifa, nani atajitolea?"

Nilikusudia asikie yeye peke yake. Lakini upepo wa leo haukuwa na mpaka, na mimi sauti yangu mnaijua. Nilikuwa nasoma risala shuleni bila kipaza sauti.

"Nani amesema maneno hayo?" mgeni akauliza.

Nikateremka. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Rudia, kijana."

Nikarudia. Nifanyeje? Mzee Sungi alikuwa nyuma yake, ananitikisia kichwa nisiseme, lakini kwa hofu niliyokuwa nayo nikadhani ananitikisia niongeze. Nikaongeza! Nikasema ni godoro langu mwenyewe, nimelipata kwa jasho la familia yangu, na nalitoa kwa moyo mweupe bila kulazimishwa na mtu.

Mgeni akavua miwani. Akaifuta. Ndugu zangu, yule mtu aliguswa!

"Ndugu wananchi wa Mkiwa!" akapaza sauti. "Sogeeni! Njooni muone!"

Wakaja. Wauza vitunguu, wauza maboga, abiria waliokuwa wanasubiri usafiri wa Manyoni, mpaka mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa, nusu ya kichwa ina povu. Mgeni akaniwekea mkono begani.

"Huyu kijana anakwenda chuo. Anahitaji godoro. Ana godoro moja tu duniani. Na ameamua kulitoa kwa mtu asiyemjua! Ndugu zangu, hapa msione godoro. Huu ni moyo."

(Lilikuwa godoro.)

Watu wakapiga makofi. Salome juu ya lori hakupiga. Alikuwa amejifunika mdomo na ncha ya khanga.

"Lifungueni," mgeni akasema. "Wananchi waone kijana wetu alichotoa."

"Hakuna haja, Ndugu!" Mzee Sungi akaruka mbele. "Lina vumbi!"

"Kamba imekaza sana, Mzee," nikasema.

"Vumbi la kujitolea ni vumbi tukufu," mgeni akajibu, akanyoosha mkono. Mama mmoja muuza vitunguu, mnene, mwenye sauti ya kupasua kuni, akampa kisu chake. Mgeni akainama juu ya godoro kama anayezindua daraja. Akainua kisu ili wote waone. Akaanza, "Huu ni mfa..."

Alitaka kusema "mfano". Hakufika.

Mnakumbuka nimesema mama na dada zangu walilikalia? Sponji haikusahau. Kamba ilipokatika, godoro liliruka lote kwa mpigo mmoja kama ng'ombe aliyepigwa teke. Lilinigonga magoti nikaenda chini (hapo ndipo suruali), na kutoka katikati yake ukapaa mfuko wa mlenda wa mama, ukapasukia hewani, mbele kabisa ya Makao Makuu.

Mlenda uliokaushwa na kutwangwa na mama yangu ni laini kuliko unga wa sembe. Na upepo ulikuwa unatoka upande wangu.

Wingu la kijani! Likamfunika. Lilipopita alikuwa bado ameshika kisu juu, mdomo wazi, na suti ile ya rangi ya maziwa imekuwa kama jani la kunde. Akapiga chafya. Ikatoka ya kijani. Akapiga nyingine.

Wakati huo nikasikia harufu tamu. Kibuyu cha asali nacho kilikuwemo, na kilishapasuka zamani huko njiani. Asali ilikuwa imelowesha katikati ya godoro, inameremeta juani. Na kuizunguka asali, nyekundu, kila herufi kubwa kama kiganja, mwandiko wa Mzee Sungi mwenyewe.

Mgeni akafuta miwani, akaivaa, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili:

"Mali ya kijiji. La wageni rasmi tu. Usilale na viatu."

Nilitamani lori lirudi nyuma linikanyage.

"Kumbe!" yule mama wa vitunguu akapasua kimya. "Kijana anajitolea cha wenzake!"

Mkiwa ikacheka. Nimeshawahi kusikia watu wakicheka, lakini hii ilikuwa nyingine. Yule mzee wa povu alikaa chini kabisa. Ramadhani aliegemea tairi lake akawa analipiga kofi.

Mgeni hakucheka. Akamgeukia Mzee Sungi.

"Ndugu Mwenyekiti. Hili ndilo lile godoro la chumba cha wageni?"

Mzee Sungi akaliinamia, akalichunguza kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Linafanana nalo," akasema.

"Na wewe, kijana. Umesema ni lako."

Nilitakiwa niombe radhi. Mdomo ukaenda wenyewe. "Ni letu, Mzee. Mali ya kijiji si ni ya wote? Na mimi nimo katika hao wote."

Kicheko kikaanza upya. Nadhani mgeni alitaka kusema jambo zito hapo, maana alinyoosha kidole. Lakini nyuki wa kwanza akatua juu ya kidole hicho.

Wakaja wa pili, na wa mia, jamani, kiangazi chote hawajaona ua, halafu kibuyu kizima cha asali kimeanikwa barabarani! Watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mgeni akaingia Landrova. Mzee Sungi akaingia Landrova, wakafunga vioo. Salome akashuka na kujificha chini ya lori. Kila mtu alikimbia ila mimi.

Si ushujaa. Ningekimbia, lakini niliikumbuka sauti ya Mzee: likipotea, usirudi. Nikabaki nimeshika ncha ya mali ya kijiji, naipunga kama bendera, nyuki wananifundisha ualimu kabla sijafika chuoni. Mmoja sikioni. Mmoja mdomoni. Mmoja mahali ambapo suruali ilikuwa imechanika.

Aliyeniokoa ni yule mama wa vitunguu. Alikuja na bonge la samadi ya ng'ombe linalofuka moshi, akatembea katikati ya nyuki kana kwamba ni nzi tu, akanifukizia mimi na godoro mpaka wakapungua.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mama yako ana asali nzuri."

Kioo cha Landrova kikashuka upana wa kidole. Sauti ya mgeni ikatoka.

"Ndugu Mwenyekiti amenieleza yote. Kijana aende na godoro. Mimi nilikuja kuishi maisha ya mwananchi wa kawaida. Nitalala kwenye ngozi!"

Watu wakashangilia. (Ni rahisi kusamehe godoro lenye nyuki. Lakini sikusema.) Nilishukuru. Halafu nikamsikia anauliza mle ndani, kwa sauti ndogo, "Na huu unga, Mwenyekiti, ni kitu gani?"

"Mlenda, Ndugu. Ndiyo chakula chako cha jioni."

Kioo kikapanda.

Mzee Sungi aliamua kurudi na mgeni. Kabla ya kuondoka akaja kwangu. Nilijua nitatukanwa, tena kwa Kinyaturu, maana matusi yake ya maana yote yako huko. Akanitazama mdomo uliovimba, shati lenye asali, suruali. Akaikunjua kola yangu, akaiweka sawa kwa vidole vyake vizito vya jembe.

"Nimesema linafanana nalo," akanong'ona. "Mimi, mtu mzima. Mbele za watu."

"Nisamehe, Mzee."

"Nenda ukasome. Ukiwa mwalimu, wafundishe watoto kuandika herufi ndogo."

Akaenda. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hata sasa sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Kutoka Mkiwa mpaka karibu na Itigi, Salome alikuwa anatazama pembeni, ncha ya khanga mdomoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwa ubavu, kwa sababu mnazozijua. Nikajikaza.

"Salome, lile godoro kwa kweli si baba aliyeninunulia."

"Nilijua tangu Ikungi."

"Ulijuaje?"

"Kuna neno lilikuwa linachungulia pembeni. 'Usilale.' Nikajiuliza ni duka gani pale Singida mjini linauza godoro lenye sheria."

Basi akaachia. Alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani, na mimi na mdomo wangu kama andazi nikajikuta nacheka naye, ingawa kila nikicheka mdomo unauma. Kisha akalowesha ncha ya khanga kwa maji yake ya kunywa akanipa nijikande. Mdomo, Eliasi! Nimesema mdomo.

Sasa ndiyo tuko hapa. Tumelifua godoro bombani, Salome na mimi, na nimelitandaza kwenye uzio wa stesheni likauke. Upande wa asali ndio unaotakiwa kupigwa jua, kwa hiyo maandishi yanaelekea abiria. Kila anayepita anasoma kwa sauti. Mkuu wa stesheni amekuja mara mbili kuniuliza ni mgeni gani rasmi anayesafiri leo ili aandae mapokezi.

Ramadhani ananiita, karanga zimekwisha kupimwa. Nawaomba mambo mawili. Mama akiwauliza, asali ilifika salama na watu wengi waliionja. Na msicheke mkiwa mnaisoma hii mbele za watu, maana wataomba nao wasomewe, na Ikungi nina shangazi.

Mimi nimejifunza. Siku nyingine nikitaka kujitolea kwa ajili ya taifa, nitatoa kitu changu mwenyewe. Nimepekua sanduku lote sasa hivi kutafuta ni kipi. Shati ni la mjomba, blanketi ni la kanisa, viatu ni vya jirani. Changu kabisa ni mswaki, na huo nao niliuchonga kutoka mti wa shule.